UCHAMBUZI: Saratani kali ya tezi ya shingo haingoji safari ndefu ya mkazi wa Mackinnon Road

WASAFIRI wanaotumia barabara kuu ya Mombasa kuelekea Nairobi wanaufahamu mji mdogo wa Mackinnon Road kwa msikiti ulio kando ya reli, penye kaburi la Sayyid Baghali Shah. Madereva wengi hupunguza mwendo wafikapo hapo. Wengine husimama, wakatoa sadaka na kuomba dua ya safari njema, kisha wakaendelea na njia.

Kwa mkazi wa mji huo na vijiji vinavyouzunguka, safari inayohitaji dua zaidi ni ile ya kutafuta matibabu.

Mackinnon Road iko takriban kilomita 80 kutoka Mombasa, katika nyika kame ya Taru, eneo la Kinango katika Kaunti ya Kwale. Hospitali ya rufaa ya kaunti hiyo iko Msambweni, kwenye ufuo wa kusini, mbele ya Ukunda na Diani. Ili kuifikia, mgonjwa ama ateremke hadi Mombasa kisha avuke kwenda Kusini, ama akate njia ya bara kupitia Samburu, Kinango na Kwale. Ndiyo maana wengi huona heri kwenda Mariakani, iliyo Kaunti ya Kilifi, au Voi, iliyo Taita Taveta.

Maradhi mengi humvumilia mgonjwa anayezunguka hivyo. Shinikizo la damu na kisukari huweza kungoja mwisho wa mwezi nauli ipatikane, ingawa kungoja huko nako kuna hasara yake.

Hata hivyo, upo ugonjwa mmoja usiomngoja mtu. Nao ni saratani ya tezi ya thairoidi ya aina ya anaplastiki, mojawapo ya saratani zinazokwenda kasi zaidi kati ya zote zinazompata binadamu. Ni adimu, na msomaji anaweza kuuliza kwa nini tuijadili. Jibu ni kwamba ugonjwa huu hupima mfumo mzima wa afya kwa muda mfupi na kuonyesha bayana ni wapi kamba imekatika.

Tezi na kazi yake

Thairoidi ni tezi ndogo yenye umbo la kipepeo, iliyokaa mbele ya shingo chini kidogo ya kongomeo. Hunyonya madini ya iodini kutoka kwenye damu na kuyatumia kutengeneza homoni zinazoongoza kasi ya mwili: mapigo ya moyo, joto, uzani, na kwa watoto, ukuaji wa akili.

Mwili ukikosa iodini, tezi hii huvimba ikijaribu kunasa kile kidogo kinachopatikana. Uvimbe huo ndio wazee wetu waliouita rovu. Wapo akina mama walioishi na rovu miaka 20 au 30 bila kusumbuliwa na lolote, na jamii ikalizoea kama inavyozoea mvi.

Ni muhimu kusema mapema ili mtu asitiwe hofu bure: sehemu kubwa sana ya vivimbe vya tezi hii si saratani. Na hata ikiwa ni saratani, aina iliyo ya kawaida zaidi, iitwayo papilari, huchukua takriban visa vinane kati ya kila kumi, nayo hutibika vyema. Wagonjwa wengi wa aina hiyo huishi umri wao wa kawaida baada ya upasuaji.

Inafuatiwa na aina ya folikula. Iko pia aina ya medula, ambayo wakati mwingine hurithiwa katika ukoo. Anaplastiki ni asilimia moja au mbili tu ya visa vyote. Pamoja na uchache huo, inabeba sehemu ya vifo isiyolingana kabisa na idadi yake.

Aidha, saratani hii isichanganywe na ile ambayo watu wetu huiita saratani ya koo, yaani ya umio, ambayo ni miongoni mwa zinazoua Wakenya wengi. Hizo ni mbili tofauti, ingawa zote huweza kumzuia mgonjwa kumeza.

Seli iliyosahau asili yake

Kwa kawaida kila seli ya mwili hujua kazi yake. Seli ya thairoidi hujua kunasa iodini na kutengeneza homoni. Hata ikigeuka kuwa saratani ya papilari, bado hukumbuka kwa kiasi fulani ilikotoka. Kumbukumbu hiyo ndiyo inayomwezesha daktari kumpa mgonjwa iodini yenye mionzi: seli za saratani huinyonya zenyewe, nayo huziua kutoka ndani. Tiba hiyo imetumika tangu miaka ya 1940.

Seli ya anaplastiki imesahau. Imepoteza mlango wa kuingizia iodini, haitengenezi homoni, na ikitazamwa kwa darubini haifanani tena na seli ya thairoidi. Kazi pekee iliyobaki nayo ni kugawanyika.

Wanasayansi wamegundua kuwa mara nyingi hali hiyo hufikiwa hatua kwa hatua. Kwanza jeni iitwayo BRAF au RAS huharibika, ikawa mfano wa swichi iliyokwama ikiwa imewashwa, nayo seli ikawa inaamrishwa kukua bila kukoma. Kasoro hii hupatikana pia katika saratani zilizo pole. Baadaye huharibika jeni ya TP53, ambayo ni askari wa kuisimamisha seli yenye hitilafu. Askari akishaondoka, makosa mengine hurundikana kwa haraka.

Isitoshe, uvimbe huu huteka kinga ya mwili. Sehemu kubwa ya uzito wake huwa ni seli za kinga ambazo, badala ya kupigana na saratani, zimegeuzwa kuisaidia.

Huwapata zaidi watu waliovuka umri wa miaka 60, wanawake wakiwa wengi kuliko wanaume. Wengi wao walikuwa na rovu la siku nyingi, au saratani ya papilari au folikula ambayo haikutibiwa au iliyorudi.

Hapo ndipo hatari ilipo. Rovu lililozoeleka miaka 20 huanza kukua kwa wiki, wakati mwingine kwa siku. Sauti hukwaruza, kisha chakula kigumu kikakwama, kisha pumzi ikaanza kutoa mlio. Jamaa husema, "Ni rovu lake lile lile." Kufikia wakati huo, karibu nusu ya wagonjwa tayari wana saratani iliyosambaa hadi kwenye mapafu, mifupa au ubongo.

Mwaka 2004 Wamarekani walitangaziwa kuwa Jaji Mkuu wao, William Rehnquist, alikuwa na saratani ya thairoidi. Maafisa hawakutaja ni ya aina gani. Alitobolewa koo ili apumue, akapewa mionzi na dawa za saratani, naye akafariki Septemba 2005, chini ya mwaka mmoja tangu habari hizo zitolewe. Alikuwa na kila hospitali ambayo fedha za taifa tajiri zingeweza kumpa.

Tiba ilikofikia

Kwa miaka mingi, nusu ya waliogunduliwa na anaplastiki walifariki katika muda wa miezi mitano hivi. Mgonjwa mmoja tu kati ya watano ndiye aliyemaliza mwaka. Madaktari wanaihesabu yote kuwa katika hatua ya nne tangu siku inapogunduliwa.

Njia za tiba ni upasuaji pale uvimbe unapoweza kuondolewa wote, mionzi inayopigwa kutoka nje ikifuatana na dawa za kemikali, na kutoboa koo endapo njia ya hewa imezibwa. Iodini ya mionzi haifai kitu hapa, kwa sababu tuliyokwisha kuieleza.

Mwanga ulionekana Mei 2018, pale mamlaka ya dawa ya Marekani ilipoidhinisha vidonge viwili vinavyotumiwa pamoja, dabrafenibu na trametinibu, kwa wagonjwa ambao uvimbe wao una kasoro maalumu ya BRAF. Kasoro hiyo hupatikana katika kati ya robo na karibu nusu ya wagonjwa wa anaplastiki. Katika utafiti wa wagonjwa 36 ambao matokeo yake ya mwisho yalichapishwa mwaka 2022, asilimia 56 waliona uvimbe wao ukisinyaa, na nusu ya wagonjwa waliishi zaidi ya miezi 14.

Katika hospitali ya MD Anderson mjini Houston, madaktari walichunguza rekodi za wagonjwa 479 waliotibiwa kati ya mwaka 2000 na 2019. Katika miaka ya mwanzo ya kipindi hicho, asilimia 35 walimaliza mwaka mmoja. Miongoni mwa waliofika kati ya 2017 na 2019, idadi hiyo ilipanda hadi asilimia 59. Baadhi yao walipewa vidonge kwanza, uvimbe ukapungua, ndipo wakapasuliwa.

Siri ya mafanikio hayo haikuwa dawa peke yake. Mgonjwa alionwa, akatolewa kinyama cha kupimwa, jeni zikachunguzwa na tiba ikaanza upesi, kila idara ikijua zamu yake.

Hesabu ya siku

Tuchukue mfano wa bibi mkongwe katika kijiji cha karibu na Mackinnon Road ambaye rovu lake limeanza kukua ghafla. Wiki ya kwanza atapakwa dawa za mitishamba. Ya pili atapelekwa zahanati na kupewa dawa ya kupunguza uvimbe. Kisha itatafutwa nauli, pengine kwa kuuza mbuzi, na katika mwaka wa ukame mbuzi hana bei.

Akifika hospitali ya Mariakani au Voi ataandikiwa picha ya shingo. Ataelekezwa Hospitali Kuu ya Pwani mjini Mombasa. Huko atadungwa sindano ya kunyonya seli, na majibu yatangojwa. Yakija na shaka, kitahitajika kinyama kikubwa zaidi, na ngoja nyingine ianze. Kipimo cha jeni nacho huenda kikapelekwa Nairobi.

Hakuna hata mmoja aliyezembea katika mfano huo. Kila aliyemwona alifanya kazi yake. Hata hivyo, miezi miwili imekwisha, na miezi miwili ni karibu nusu ya uhai aliokuwa nao.

Kwa mizani hiyo hiyo ndiyo inafaa kupima migomo ya wahudumu wa afya. Mgomo wa madaktari ulioanza Desemba 2016 ulidumu siku 100. Ule wa Machi hadi Mei 2024 ulidumu siku 56. Madai ya madaktari yalikuwa na uzito, na mikataba iliyovunjwa haikuvunjwa na wao. Lakini kwa mwenye ugonjwa wa miezi mitano, siku 100 ni theluthi mbili za maisha yaliyobaki.

Kuna jambo jingine linalopaswa kuwaondolea watu dhana ya kwamba hakuna haja ya kuharakisha kwa sababu mgonjwa "atakufa tu". Si kila uvimbe wa shingo unaokua kwa kasi kwa mzee ni anaplastiki. Upo uwezekano wa limfoma ya thairoidi, ambayo kwa macho hufanana nayo sana, lakini huitikia dawa za kemikali na mionzi, na wengi hupona. Kinachozitofautisha ni kinyama kidogo kilichowekwa chini ya darubini na mtaalamu.

Kwa hivyo, bibi anayerudishwa nyumbani bila kupimwa huenda amehukumiwa kifo kwa ugonjwa ambao ungetibika. Hilo ndilo jambo zito kuliko yote katika suala hili.

Je, fedha zielekezwe kwingine?

Wapo watakaosema kuwa Kwale ina shida zilizo kubwa zaidi: maji, malaria, akina mama wanaofariki wakijifungua, saratani za matiti na za mlango wa uzazi. Hoja hiyo ni ya haki. Hakuna kaunti inayoweza kujenga kituo kwa ajili ya ugonjwa adimu.

Isitoshe, kuwapima watu wote thairoidi kwa mashine kungeleta hasara. Korea Kusini ilijaribu njia hiyo. Kufikia mwaka 2011 visa vilivyogunduliwa vilikuwa mara 15 ya vile vya mwaka 1993, ilhali vifo havikupungua. Maelfu ya watu walikatwa tezi kwa saratani ndogo ambazo zisingewadhuru maishani mwao.

Lakini kinachodaiwa hapa ni kile kile anachohitaji mwenye saratani ya matiti, ya umio au ya mlango wa uzazi: mtu wa kwanza anayetambua hatari, rufaa isiyozunguka, maabara inayotoa majibu kwa siku badala ya wiki, mionzi iliyo karibu, na dawa ya maumivu. Ukiufunga mnyororo huo kwa ajili ya ugonjwa wenye kasi kuliko yote, umeufunga kwa wote.

Hatua zimepigwa, na ni haki kuzitaja. Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti Saratani ilipitishwa mwaka 2012. Kwa miongo mingi mgonjwa wa Pwani aliyetaka mionzi katika hospitali ya umma alilazimika kwenda Kenyatta, Nairobi, na kupanga foleni na taifa zima. Kuanzishwa kwa kituo cha saratani katika Hospitali Kuu ya Pwani kulikuwa ukombozi mkubwa.

Vile vile, bima ya NHIF ilitoa nafasi kwa Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, mnamo Oktoba 2024. Mpango huo ulipoanza, familia ilitengewa Sh400,000 kwa mwaka kwa tiba ya saratani na nyongeza ya Sh150,000 kutoka hazina ya magonjwa sugu. Mjadala wa kukiongeza kiwango hicho umeendelea tangu wakati huo. Vidonge tulivyovitaja hugharimu maelfu ya dola kwa mwezi katika nchi za Magharibi. Kikomo cha aina hiyo kingemalizika kabla ya mgonjwa kujua kama dawa inafanya kazi.

Yanayowezekana leo

Kwa maoni ya mwandishi huyu, yapo mambo matano yanayoweza kufanywa bila kungoja bajeti kubwa.

Kwanza ni wahudumu wa afya wa vijiji, ambao serikali iliwazindua upya Septemba 2023 na kuwapa mikoba ya vifaa. Kukagua shingo hakuhitaji kifaa. Kunahitaji maswali matatu: je, uvimbe umekua katika wiki chache zilizopita? Sauti imebadilika? Kumeza au kupumua kumekuwa kugumu? Jibu la ndiyo kwa mojawapo litoshe kumpeleka mgonjwa hospitali kubwa wiki hiyo hiyo.

Pili, mipaka ya kaunti isiwe ukuta. Huduma za afya zilipogatuliwa mwaka 2013, haikukusudiwa mkazi wa Mackinnon Road apitishwe Msambweni ili apate barua ya kwenda Mombasa, aliyoipa mgongo asubuhi. Kwale, Kilifi, Taita Taveta na Mombasa zinaweza kukubaliana kuwa uvimbe wa shingo unaokua kwa kasi uende moja kwa moja Hospitali Kuu ya Pwani.

Tatu, maabara. Kasoro ya BRAF inaweza kutafutwa kwa rangi maalumu kwenye kile kile kinyama kilichokwisha kutolewa, kwa gharama ndogo na kwa siku chache, bila kungoja uchunguzi mkubwa wa jeni. Hata pale dawa isipopatikana, daktari atajua anapigana na nini.

Nne, maumivu. Kwa wagonjwa wengi wa anaplastiki, tiba ya kweli itakuwa ni kumwezesha mtu apumue, alale, na afe bila kuteseka. Mofini ya maji ni dawa rahisi. Jirani zetu wa Uganda wameithibitisha tangu miaka ya 1990, pale Hospice Africa ilipoanza kuipeleka hadi majumbani. Hapa Pwani ipo Coast Hospice mjini Mombasa. Huduma yake ikifika Samburu na Mackinnon Road kwa ratiba, mgonjwa hatalazimika kupanda matatu akiwa anahangaika kupata pumzi.

Tano, kinga. Rovu likikatika, mizizi mojawapo ya ugonjwa huu imekatika. Uswisi ilianza kutia iodini katika chumvi miaka ya 1920, na Kenya iliifanya kuwa sharti la kisheria miaka ya 1970. Katika nchi ambazo chumvi hiyo imetumika kwa vizazi, madaktari wameona anaplastiki ikipungua. Pwani ndiyo inayotengeneza chumvi ya taifa, huko Gongoni na vitongoji vyake, Kaunti ya Kilifi. Ingekuwa aibu chumvi isiyotiwa iodini iuzwe kwa magunia kilomita chache kutoka viwandani. Na wenye marovu ya zamani wapimwe na kufuatiliwa, badala ya kungoja siku yatakapoamka.

Mackinnon Road si mahali ambapo dola imewahi kushindwa kufika. Jina lenyewe ni la Sir William Mackinnon, mkuu wa kampuni iliyotawala nchi hii kabla ya serikali ya Uingereza kuichukua. Reli ilipitishwa hapo kabla ya karne ya 20 kuanza. Mwishoni mwa miaka ya 1940 Waingereza walianza kujenga hapo bohari kubwa la kijeshi, na katika miaka ya 1950 pakawa kambi ya kuwazuilia washukiwa wa Mau Mau walioletwa kwa maelfu kutoka mbali.

Waliotaka kufikisha mabomba, mabati na wafungwa katika nyika ya Taru walipata njia. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa bibi mwenye rovu linalokua, hata muda wa kujenga ukuta haupo.